Kutoka Ingobyi hadi Gari la Wagonjwa

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nilipofundishwa methali hii nikiwa shule ya sekondari niliiandika katika daftari pamoja na nyingine nyingi, nikapata alama zangu, nikaendelea. Maana yake niliipata usiku mmoja wa Desemba 2018, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, mdogo wangu wa miaka mitatu akiwa amelazwa hatua chache mbele yangu, na bibi yangu akiwa amekumbatia kitenge alichombebea mtoto huyo.

Natoka Butare. Msomaji asidhani ni ule mji wa Huye wenye chuo kikuu, ambao watu wengi bado huuita Butare. Butare yetu ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, katika eneo lililojulikana kama mkoa wa Cyangugu mpaka mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Ni nchi ya vilima, kuelekea msitu wa Nyungwe. Ukishuka kutoka huku juu unafika bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga, mahali ambapo Rwanda inapakana na Burundi na Kongo.

Katika insha hii nataka kutoa shukrani. Lakini kwa kuwa napenda historia, nilijiuliza swali moja: ukitaka kumshukuru aliyemwokoa mtoto, utamshukuru nani? Mwuguzi? Daktari? Dereva? Nilipoanza kuhesabu, orodha haikuisha. Ilivuka mipaka ya Rwanda ikafika Malawi, Ulaya na China, ikarudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili, na mwishowe ikanifikisha kwa mtoto mwingine ambaye sikuwahi kumwona, aliyezikwa nyuma ya nyumba yetu mwaka 1998.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amerudi wiki mbili hivi kabla kutoka Bugarama, alikokwenda na mama kumwona shangazi. Kwetu juu mbu ni wachache, kule bondeni ni wengi. Homa ilianza Jumatatu jioni. Mama alikuwa Kamembe kwenye biashara yake ya sambaza, na baba alikuwa akifanya kazi Kigali, kwa hiyo nyumbani tulikuwa bibi, mimi na mtoto. Bibi alimpa maji, akamfuta kwa kitambaa, akasema tungempeleka kupimwa asubuhi. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, mtoto akacheza kidogo, nasi tukajidanganya kwamba imekwisha. Jumanne magharibi aligeuza macho, akakaza mikono, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Kwa Kiswahili hali hii huitwa degedege. Zamani, watu wengi wa pwani na wa bara waliamini kwamba ni kazi ya pepo au ya ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba. Leo tunajua kwamba mara nyingi ni malaria kali au homa kali nyingine. Siku ile sikufikiria asili ya neno. Nilimwona bibi akisimama katikati ya chumba kama mtu aliyepigwa. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: “Tena.” Sikulielewa neno hilo mpaka usiku wa manane.

Nilikimbia kwa mshauri wa afya wa kijiji chetu, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umujyanama w’ubuzima. Ni mama mkulima kama majirani wengine, naye alichaguliwa na majirani hao. Mpango huu wa washauri ulianza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakati waganga na wauguzi wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia nchi, na vituo vingi vilikuwa havina watu wala dawa. Baadaye washauri hao walifika takriban 45,000 nchi nzima. Hufundishwa kupima malaria, kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, na kutoa dawa kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini jambo kubwa wanalofundishwa, naona mimi, ni kujua mwisho wa uwezo wao. Mama yule alimtazama mdogo wangu mara moja, akachukua simu yake na kusema: “Mtoto wa degedege si wa kutibiwa kwangu. Bibi, mbebe, twende.”

Alitutangulia na tochi mpaka kituo cha afya, na alipofungua mlango mwuguzi alikuwa ameshaandaa sindano, kwa sababu alikuwa amepigiwa simu. Alimpima mtoto, akaona malaria, akampa dawa ya kutuliza degedege na sindano ya kwanza ya dawa iitwayo artesunati, kisha akaita gari la wagonjwa kutoka hospitali. Hakutuambia tungoje mpaka asubuhi. Hakuuliza kwanza tuna fedha kiasi gani. Barabara yetu ni ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha, lakini gari lilifika, likatuchukua, na ndani yake alikuwamo mwuguzi mwingine aliyemshika mtoto kichwa njia nzima, zaidi ya saa moja, ili asikosewe na pumzi.

Kwa Kinyarwanda gari hilo huitwa imbangukiragutabara, yaani chenye wepesi wa kwenda kuokoa. Ni neno jipya. Neno la zamani ni ingobyi. Ingobyi ilikuwa kwanza ngozi ambayo mama hubebea mtoto mgongoni, na hata leo watu huita hivyo kitenge cha kazi hiyo. Kisha ingobyi ni machela iliyosukwa, yenye miti miwili, ambayo wanaume wanne huiweka mabegani kumpeleka mgonjwa mbali. Nimelifikiria sana jambo hili kama mwanafunzi wa lugha: wazee wetu walikipa kitanda cha mgonjwa jina la kitu kinachomshika mtoto mgongoni pa mama yake. Mgonjwa alikuwa mtoto wa kilima kizima.

Usiku ule, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, bibi alinieleza maana ya “tena”.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mama yako hakukwambia kwamba alikuwa na mdogo wake wa mwisho?”

Sikuwa najua. Alikuwa mvulana wa miaka minne. Mwaka 1998 alishikwa na homa. Bibi alimnywesha maji ya umubirizi na umuravumba, majani machungu ambayo kila nyumba huku kwetu ilikuwa nayo. Homa haikutoka. Wakati ule matibabu yalikuwa ya kulipia. Serikali ilikuwa imerudisha malipo hayo mwaka 1996, baada ya misaada ya dharura kupungua, na familia nyingi zilizotoka katika vita na mauaji hazikuwa na kitu. Watu waliacha kwenda kutibiwa, si kwa kupenda. Bibi na babu walikuwa na mbuzi mmoja. Siku ya soko ilikuwa keshokutwa.

“Tulingoja soko,” bibi alisema. “Kosa letu ni hilo tu, tulingoja soko.”

Mbuzi aliuzwa. Jioni hiyohiyo degedege likaanza. Alfajiri wanaume wa kilima walikuja na ingobyi, wakamweka mtoto na kuondoka naye mbio, bibi akiwafuata nyuma. Kabla ya kufika waliona mtoto amenyamaza. Waliweka ingobyi chini, wakavua kofia, kisha wakageuka. Fedha za mbuzi zilinunua nguo ya kumzikia.

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono. Mlango ulifunguliwa, mwuguzi akapita na chupa ya dripu, mlango ukafungwa tena.

Tangu siku ile nimesoma ili nielewe kilichobadilika kati ya mwaka 1998 na 2018, kati ya kitinda mimba wa bibi na kitinda mimba wa mama. Kitu cha kwanza ni kile kikaratasi ambacho nilikuwa nacho mfukoni: kadi ya mituweli.

Wazo la mituweli lilikuwapo kabla ya serikali kulichukua. Watu wa vilimani walikuwa wakisaidiana kumbeba mgonjwa kwa zamu, na asiyeweza kubeba alitoa pombe au chakula kwa wabebaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya kuchangiana gharama za ugonjwa vilianza kujiandikisha. Hutajwa hasa Muvandimwe cha Kibungo, mwaka 1966, na Umubano mu Bantu cha Butare, mwaka 1975. Hiyo ni Butare ile nyingine, si yetu. Julai 1999 serikali ilianza jaribio katika maeneo matatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya hadi watu saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka, kisha ilitibiwa bila kuuza mbuzi. Cyangugu haikuwamo katika jaribio hilo, na hata kama ingekuwamo, mtoto wa bibi alikuwa ameshakufa mwaka mmoja uliotangulia. Sera ya nchi nzima ilitolewa mwaka 2004, na sheria ikatiwa saini mwisho wa mwaka 2007. Mwaka 2015 mituweli iliwekwa chini ya shirika la hifadhi ya jamii, RSSB. Kwa nyumba yetu mchango ulikuwa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na kwa kadi hiyo tulilipa hospitalini sehemu moja tu katika kumi ya gharama, pamoja na ile ya gari. Ndiyo maana hakuna aliyetuuliza habari za fedha saa tatu ya usiku. Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa na majirani zetu wote waliochanga bila kuugua mwaka ule.

Kitu cha pili niliona kwa macho yangu mlangoni pa hospitali. Kulikuwa na watu wengi wakingoja. Mbele kabisa alikuwa mwalimu mmoja anayeheshimika, na mtoto wake aliyevunjika mkono. Mwuguzi wa zamu hakuuliza nani amefika kwanza. Alimtazama mdogo wangu kwa muda usiozidi wa kumsalimia mtu: anapumua? Mikono ni ya baridi? Anaitika akiitwa? Kisha akamchukua kutoka mikononi mwa bibi na kuingia naye ndani. Nilimtazama mwalimu nikiwa na aibu. Yeye ndiye aliyeinuka kushika mlango ili kitanda kipite. “Nenda na mtoto, bibi,” alisema. “Mkono wa wangu hautakimbia.”

Utaratibu huu wa kumtanguliza aliye hatarini zaidi una historia yake. Wanahistoria wengi huuanzia kwa Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa katika vita vya mapinduzi na vya Napoleon. Alitaka majeruhi watibiwe kwa kufuata ukubwa wa jeraha, si ukubwa wa cheo, na aliunda mikokoteni myepesi ya farasi ya kuwachukua uwanjani vita vikiendelea. Lakini hospitali nyingi za watoto katika Afrika ziliendelea kufuata foleni hadi juzijuzi, na watoto wengi walifia kwenye benchi. Mjini Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth, daktari wa watoto Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ili kila mtoto atazamwe mara anapofika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Kabla ya mabadiliko, katika watoto 100 waliolazwa walikufa kati ya 10 na 18, na baada yake walikufa kati ya 6 na 8. Hawakuwa wamepata mashine kubwa. Walikuwa wamebadili mpango wa kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya namna hiyo mwaka 2005, Kenya ikaupanua, na kuanzia mwaka 2010 hivi wauguzi na madaktari wa Rwanda nao wakafundishwa. Kwa hiyo yale macho ya mwuguzi, yaliyomsoma mdogo wangu kwa nukta chache, yalikuwa yamesomeshwa na watoto wa Blantyre.

Ndani walimpima sukari, kwa kuwa malaria kali hula sukari ya damu, na wakaiona iko chini sana. Wakampa kwa mshipa. Wakamwekea oksijeni puani na kibanio kidogo chenye taa nyekundu kidoleni. Nilimwuliza mwuguzi kibanio kile kinafanya nini, akanijibu bila kuchoka kwamba kinahesabu hewa iliyomo ndani ya damu bila kumchoma mtoto. Baadaye nilisoma kwamba wazo lake lilitoka kwa mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu huyo alifariki mwaka 2020. Nasikitika kwamba nilijifunza jina lake baada ya yeye kufa, ingawa nisingejua pa kumpelekea salamu.

Kitu cha tatu ni dawa. Kwa zaidi ya miaka 300 dawa ya malaria kali ilikuwa mti wa mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika magome yake kitu chenye nguvu, wakakiita kwinini. Sisi watu wa Rusizi tuna ujirani na mti huo. Mwaka 1942, Wajapani walipoteka kisiwa cha Java kilichotoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia, mashamba ya Kongo ya Wabelgiji yalipata thamani mpya, na ng’ambo ya mto Rusizi, mjini Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ya Kivu. Mtoto wa bibi angefika hospitalini mwaka 1998, angepewa kwinini, na huenda angepona. Kwinini iliokoa wengi.

Lakini mdogo wangu alipewa artesunati. Dawa hii ina asili katika mmea wa pakanga wa Uchina. Mwaka 1972, katika mradi wa siri uliokuwa umeanza mwaka 1967 kwa ajili ya askari wa vita vya Vietnam, kundi la mwanasayansi Tu Youyou lilifaulu kutoa katika mmea huo kitu kinachoua vimelea vya malaria. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, madaktari walihitaji kujua kama dawa hiyo inawafaa watoto wa Afrika kuliko kwinini, na njia ya kujua ilikuwa moja tu. Watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika, Rwanda ikiwa mojawapo, pamoja na majirani zetu Kongo, Uganda na Tanzania, waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa kwinini, nusu artesunati. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa 297, waliopewa artesunati walikufa 230. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilielekeza artesunati itumike badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali.

Niliposoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilifurahi. Niliposoma mara ya pili nilisimama. Kwa jumla ni watoto 527 waliokufa, na kila mmoja alikuwa na mama au bibi kwenye benchi kama letu. Mzazi wao, usiku ule mbaya kuliko usiku wote, aliulizwa kama anakubali mtoto wake aingizwe katika utafiti, naye akakubali. Hakujua kwamba anamjibia mdogo wangu, aliyekuwa hajazaliwa.

Karibu na saa saba usiku daktari kijana alikuja kutuambia kwamba damu ya mtoto imepungua mno na ni lazima aongezewe. Alimwita bibi “mama”, akachuchumaa ili macho yao yalingane, akaeleza taratibu kwa Kinyarwanda kisicho na maneno ya Kifaransa wala Kiingereza. Bibi aliuliza: “Nitoe yangu?” Alianza hata kukunja mkono wa nguo. Daktari akamwambia hapana, ipo kwenye jokofu. Tangu Karl Landsteiner wa Vienna aonyeshe mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi, damu ya mgeni inaweza kuwa salama kuliko ya ndugu. Rwanda ina kituo cha taifa cha damu tangu mwaka 1976, na wanaotoa hawalipwi. Siku hizi sehemu nyingine za nchi hupelekewa damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, zilizoanza kuruka kutoka Muhanga mwezi Oktoba 2016. Yetu haikuja kwa ndege. Ilikuwa mfuko mdogo uliokuwa ukingoja kimya katika baridi, umeandikwa kundi la damu na tarehe. Mtu aliutoa bila kujua utamfikia nani.

Bibi aliutazama mfuko ule ukidondoka tone kwa tone. “Ni wa nani?” aliniuliza. Nikamwambia hakuna ajuaye. Akasema, “Basi ni wa kilima.”

Alfajiri nilipata kazi ndogo. Mama mmoja kutoka Bukavu alikuwa amevuka mpaka na mtoto mchanga, na mwuguzi aliyekuwa amepokea zamu hakuelewa vizuri maneno yake. “Mutoto iko na homa mingi, haiko ananyonya,” mama alikuwa akirudia. Nilisimama nikatafsiri. Haikuwa tafsiri kubwa: siku ngapi, ametapika, amepata degedege? Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka uliotangulia, 2017, na wenzangu wengi walisema ni lugha ya biashara ya Afrika Mashariki. Asubuhi ile niliona kazi yake nyingine. Nilipoulizwa baadaye kwa nini nimechagua kusoma Kiswahili chuoni nilitoa majibu marefu. Jibu fupi ni mama yule.

Jua lilipochomoza mdogo wangu alifungua macho akaomba chai. Nimeona watu wakisifu ushindi wa mpira na wa uchaguzi, lakini sijasikia neno tamu kama lile “chai” lililosemwa kwa sauti ya kukwaruza. Mama alikuwa amefika kutoka Kamembe kwa gari la kwanza, akalia mlangoni. Bibi hakulia. Alitoka nje, nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta.

“Nashukuru,” alisema. “Nashukuru sana. Lakini mbona hawakuwapo kwa yule wangu?”

Hilo ndilo swali lililonifanya niandike insha hii. Naweza kumpa bibi tarakimu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Rwanda, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 walikuwa 152, mwaka 2010 walikuwa 76, na uchunguzi wa 2014 na 2015 ulikuta 50. Ni mteremko ambao nchi chache duniani zimewahi kuushuka kwa haraka hivyo. Lakini tarakimu hizo hazimjibu mama aliyekuwa upande wa juu wa mteremko. Kumwambia kwamba mambo yamekuwa mazuri ni kama kumwambia kwamba mtoto wake alizaliwa mapema mno.

Nilichojifunza ni kwamba shukrani isiyokumbuka waliokosa ni nusu ya shukrani. Mituweli ilitokana na watu waliochoka kuona ingobyi ikigeuka njiani. Mapokezi ya Blantyre yalitokana na watoto waliokufa katika foleni, na artesunati ilithibitishwa na watoto 5,425 pamoja na wale 527 ambao hawakurudi nyumbani. Kila kilichomfaa mdogo wangu usiku ule kilikuwa kimejengwa kwa sababu mtu fulani alikataa kusema “ndivyo ilivyo” juu ya mtoto aliyekwisha kufa. Siwezi kuwashukuru wauguzi wa usiku ule bila kuwashukuru na hao.

Wauguzi wenyewe tulijaribu kuwashukuru kwa namna yetu. Wiki mbili baadaye bibi alirudi hospitalini na kikapu cha viazi vitamu na maharage. Mwuguzi wa mapokezi hakuwa zamu. Mwenzake alikataa kukipokea kwa ajili ya wafanyakazi, akasema si desturi, lakini kuna wagonjwa wasio na ndugu wa kuwapikia. Kikapu kikaenda jikoni kwao. Bibi aliridhika, ingawa mpaka leo nikienda nyumbani huniuliza, “Yule binti wa mlangoni bado yupo?”

Mwaka 2019 watu wa kituo cha damu walipokuja karibu na nilipokuwa, nilikaa katika kiti chao kwa mara ya kwanza. Sindano iliniogopesha. Nilipouona mfuko unajaa nilijaribu kuwaza utakwenda wapi, kisha nikaacha.

Na bibi ana desturi yake. Kila mwaka, muda wa kulipa mituweli unapofika, huhesabu mchango wa kila mtu wa nyumba yetu juu ya mkeka, kisha huongeza mchango wa mtu mmoja zaidi pembeni. Mwaka wa kwanza nilidhani amekosea, nikamwambia, “Bibi, tumezidi mmoja.” Hakunijibu. Alizifunga katika kitambaa, akazipeleka kwa jirani mjane ambaye mwaka ule alikuwa amepungukiwa na mchango wa mtoto mmoja. Aliporudi alisema tu kwamba amelipia wake wa mwisho.